Ukurasa Ule Ule: Historia Fupi ya Kukosa Muda wa Kusoma

Mama yangu amekwama ukurasa ule ule tangu Pasaka.

Kitabu chenyewe ni *Siku Njema* cha Ken Walibora, nakala ya mitumba niliyomnunulia Kakamega, jalada limeshikiliwa na selotepu. Kinakaa kwenye rafu ya kibanda chake hapa Ekero, kati ya mkebe wa chumvi na kikapu cha vitunguu. Alama yake ni risiti ya unga. Kila nikipita naangalia, na risiti haijasonga. Kongowea Mswahili, yule kijana wa hadithi anayetakiwa kusafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake, bado yuko Tanga. Mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, sasa yanavunwa, na Kongowea hajavuka hata mpaka.

Si kwamba mama hakipendi. Mwulize kuhusu kurasa chache alizosoma, atakusimulia mpaka wateja wapange foleni. Anamwonea huruma yule mtoto kama mtoto wa jirani. "Nitamalizia usiku," husema. Usiku ukifika anasinzia akiwa amekaa, miwani puani, kwa sababu aliamka saa kumi alfajiri kufuata mboga.

Mimi nikimcheka najicheka mwenyewe. Chini ya kitanda changu kuna katoni ya vitabu 43. Nimevihesabu. Nimemaliza tisa. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana, na nikajifariji kwamba sasa angalau nitasoma ninachotaka mimi, si anachotaka mhadhiri. Wapi! Kazi yangu ni kuandika kwa kulipwa kwa hesabu ya maneno. Siku nzima macho yako kwenye maandishi, na jioni ninayatazama yale makaratasi yangu kama mpishi anayetazama sahani yake bila hamu.

Kuna ule msemo tunaotupiwa tangu shule ya msingi: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Nimeusikia kwa walimu, kwa wahubiri, kwa wanasiasa ambao sijawahi kuwaona na kitabu. Wanausema huku wakicheka, na sisi tunacheka nao. Nimechoka nao. Unasema kukosa kusoma ni tabia, kama vile tulizaliwa nayo. Hauulizi swali la kawaida kabisa ambalo mama angeuliza: huyo Mwafrika anaamka saa ngapi, analala saa ngapi, na katikati nani anampikia?

Kwa hiyo nikaamua kuulizia saa yenyewe. Ardhi ina historia. Tunajua nani aliichukua, lini, kwa karatasi gani. Saa ya kusoma nayo ina historia yake.

*

Tuanze na neno. Kusoma.

Leo tukisikia "anasoma" tunamwona mtu mmoja, kimya, kichwa kimeinama. Lakini sikiliza Kiswahili kinavyolitumia neno hilo hadi sasa. Maulidi husomwa. Hitima husomwa. Watu hukusanyika, mmoja au wachache wanatoa sauti, waliobaki wanaitikia. Huko Pwani tendi ndefu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha zikatolewa kwa sauti mbele ya watu. *Utendi wa Tambuka*, uliotungwa na Mwengo bin Athumani kule Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Hakuna aliyetegemea kila mtu wa Pate awe na nakala na mchana mtupu wa kukaa nayo. Nakala moja, koo moja, masikio mengi.

Hata hivyo tusiipambe Pwani ile kupita kiasi. Kuandika na kunakili kunataka saa, na saa hizo zilitoka mahali. Waungwana wa Pate na Lamu walikuwa na watumwa wa kulima, kutwanga na kuchota maji. Mwungwana aliyeketi na wino wake barazani aliketi kwa sababu kuna mwingine aliyekuwa jua kali shambani. Shika jambo hilo, maana nimelikuta kila nilipochimba: saa ya msomaji mmoja huwa imelipwa na mikono ya mtu mwingine.

Kusoma kulifikaje huku kwetu bara? Kwa miguu. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilipita katika ufalme wa Wanga, mwendo mfupi tu kutoka hapa Ekero. Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka nchi ya Wamasai, alifika hapo mwaka 1883 na kupaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Uganda, akauawa Busoga mwezi Oktoba mwaka huo huo. Aliyekuwa akiwapokea wageni wakati huo ni Nabongo Mumia, mwana wa Shiundu, ambaye jina lake ndilo mji wa Mumias. Pamoja na nguo na bunduki, watu wa Pwani walileta Uislamu, na Uislamu ukaja na chuo cha Kurani: watoto wamekaa chini, wanasoma kwa pamoja, kwa sauti ya juu. Mpaka leo ukipita karibu na madrasa ya Mumias jioni utasikia mwangwi ule ule.

Kisha wakaja wamisionari. Wakwekari walifungua Kaimosi mwaka 1902. Mapadri wa Mill Hill waliingia Mumias mwaka 1904. Kanisa la Kianglikana, kupitia CMS, lilifungua Maseno mwaka 1906 na Butere mwaka 1912. Na hapo likatokea jambo ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Watu hawakuwaita waumini wapya kwa jina la Mungu wao. Waliwaita kwa jina la kazi yao. Buganda waliitwa abasomi, wasomaji. Kwa Wakikuyu waliitwa athomi, neno lile lile. Kuwa Mkristo kulikuwa kusoma. CMS kule Buganda walitaka mtu ajue kusoma Injili kabla ya kubatizwa, na kurasa za kujifunzia herufi zilinunuliwa kama bidhaa adimu. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walisoma kwa kuiba saa kwenye utumishi wao. Baadhi yao walichomwa moto Namugongo mwaka 1886.

Ndiyo maana ule msemo wa kuficha kitu kitabuni hunikera. Hapa jirani, miaka isiyofika 150 iliyopita, vijana wa umri wangu walijulikana kwa kusoma kabla ya kujulikana kwa lolote lingine.

Lakini uliza tena swali la mama. Kijana aliyekimbilia misheni, ng'ombe zake alichunga nani? Mdogo wake. Maji alichota nani? Dada yake. Na misheni zenyewe hazikutoa saa za bure. Jina kamili la misheni ya Kaimosi lilikuwa na neno linalosema wazi kwamba ni misheni ya viwanda na kazi za mikono. Ulisoma, lakini pia ulichana mbao, ulifyatua matofali, ulilima.

*

Sasa angalia juu.

Kaunti ya Kakamega iko karibu sana na Ikweta. Maana yake jua letu halina mchezo. Hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba. Mfanyakazi wa London mwezi Juni hutoka kazini, anakula, anatembea, na bado ana mwanga wa kusomea bustanini mpaka saa tatu usiku. Sisi tukitoka kazini, kumeshaingia giza. Hatuna jioni ndefu za kiangazi. Kila ukurasa uliowahi kusomwa hapa baada ya kazi, ulisomwa kwa mwanga wa kununua: mafuta ya taa, koroboi yenye moshi unaowasha macho, siku hizi tokeni za stima. Mama anasema walipokuwa wadogo koroboi ilikuwa moja, na ilikaa jikoni, kwa sababu ugali ulikuwa na haki zaidi kuliko hesabu.

Kwa hiyo saa ya kusoma ya mtu wa hapa ilikuwa mchana. Na mchana ndio ulionunuliwa.

Serikali ya Mwingereza ilipokita mizizi ilidai kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa pesa, si kwa kuku. Pesa zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli, bandarini na mijini. Mkataba wa kawaida shambani ulikuwa kadi ya siku 30. Unafanya kazi, siku yako inatiwa alama. Ukiugua au ukikosa, kadi haisongi. Siku ikawa kitu cha kuhesabiwa na mtu mwingine, kwenye kadi, kwa kalamu yake.

Halafu kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Ukikamatwa bila kipande, ni faini au jela.

Mimi hukifikiria kipande kama kitabu. Kitabu kimoja, kilichoandikwa habari za mtu mmoja, ambacho mtu huyo alikibeba kila siku ya maisha yake ya kazi. Na wengi wao hawakuweza kukisoma. Mwajiri aliandika, polisi akasoma, na mwenye hadithi akabaki kamba shingoni. Harry Thuku na wenzake walipoinuka mwaka 1921 na 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makuu. Tunakumbuka kwamba kilinyima watu uhuru wa kutembea. Tukumbuke pia kwamba kiliwafunga kwenye saa za mtu mwingine.

*

Watu walifanya nini? Walikaa bila kusoma? Hapana. Walirudi kwenye ile maana ya zamani ya neno.

Gazeti la *Mambo Leo* lilianza Tanganyika mwaka 1923. *Baraza* lilianza Nairobi mwaka 1939. Hayo ni magazeti ya Kiswahili, na msomaji wake hakuwa mmoja kwa kila nakala. Gazeti moja lilifika hotelini au chini ya mti, aliyejua herufi akasoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza huku mikono yao ikiendelea na mambo yake: mmoja anashona viatu, mwingine anakunywa chai, mwingine ananyolewa. Kukhu yangu, bibi mzaa mama, aliwahi kunieleza jinsi barua zilivyofika kutoka kwa ndugu waliokuwa kazini mbali. Aliyezisoma alikuwa mtoto wa shule. Mtoto alisimama, watu wazima wakakaa. Sikio halikuwa na aibu ya kutojua herufi, na mkono haukuacha kukoboa mahindi.

Mwaka 1948 ikaundwa Taasisi ya Fasihi ya Afrika Mashariki, baada ya ripoti ya mwandishi Elspeth Huxley, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Charles Richards. Ilikuwa taasisi ya mkoloni, ikichagua kipi kinafaa kusomwa na Mwafrika. Lakini ilielewa jambo moja: msomaji hana nafasi ya kukifuata kitabu. Basi kitabu kimfuate yeye. Ikapeleka masanduku ya vitabu mashuleni na kwenye vituo vya watu. Ikawa na maktaba ya posta, unaletewa kitabu mpaka kwenye sanduku la barua, unasoma, unakirudisha kwa njia ile ile.

Linganisha na Nairobi wakati huo huo. Maktaba ya McMillan ilikuwa imefunguliwa mwaka 1931, yenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mtu aliyeajiri mpishi, dobi na shamba boi alikuwa na mchana wa kukaa humo. Mpishi hakuwa na mchana, na hata angeupata, mlango haukuwa wake.

Baada ya uhuru mlango ukafunguliwa. Sheria ya mwaka 1965 ikaunda huduma za maktaba za taifa, matawi yakaenea wilayani, Kakamega ikiwemo. Mwaka 1996 huduma hiyo ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kule Garissa, kwa wafugaji ambao hakuna maktaba ya mawe ingewafaa. Na kuanzia 2017 kundi la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likifufua McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Nayaheshimu haya yote. Ila ukweli ni kwamba maktaba za kawaida hufunguliwa saa zile zile ambazo mama yuko kibandani, mwendesha boda yuko kituoni, na mkata miwa yuko shambani. Jengo tulipata. Saa hatukupata.

Jirani zetu Watanzania walijaribu njia ambayo naiona ya akili zaidi. Mwaka 1973 waliendesha kampeni ya *Mtu ni Afya*. Watu wa kijiji walijikusanya vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakapitia kijitabu pamoja, wakajadiliana, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Watu kama milioni mbili walishiriki. Hakuna aliyewaambia wajinunulie taa na kujifungia chumbani. Kijitabu kilisomwa na kikundi.

*

Nilipokuwa nikisema sina muda, rafiki mmoja alinitania: "Nenda jela, huko muda ni wa kumwaga." Alikuwa anacheka, lakini historia yetu ina watu waliopewa muda huo.

Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika kijikaratasi *Kenya: Twendapi?* mwaka 1968. Alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, sehemu kubwa akiwa peke yake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, kama wengi wetu tunaosoma hapa. Saa alikuwa nazo, zote 24. Kilichokosekana ni kitabu, kalamu, na mtu wa kuongea naye. Aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika *Caitaani Mũtharabainĩ* kwenye karatasi hizo hizo akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978.

Tunapenda kuzisimulia habari hizi kama za kutia moyo: ona, hata jela waliandika, wewe una kisingizio gani? Mimi naona zinasema jambo jingine. Muda uliotupwa kwa mtu kama adhabu si muda wa kusoma. Walichokifanya wale wawili kilikuwa kuuiba muda wao wenyewe mikononi mwa serikali. Nisingependa mtu yeyote akose uhuru ili apate nafasi ya kumaliza riwaya.

Upande wa pili yuko Mwalimu Nyerere. Mwaka 1963, nchi changa iko mikononi mwake, alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare. Mwaka 1969, katikati ya Azimio la Arusha na vijiji vya Ujamaa, akatoa *Mabepari wa Venisi*. Alitoa wapi saa? Bidii alikuwa nayo, hakuna wa kubisha. Lakini rais hapiki, hafui, hachoti maji, wala haulizi watoto wameenda wapi. Ukimpa mama yangu dereva na mpishi kwa mwezi mmoja tu, Kongowea atafika Kitale.

Na hapo ndipo hesabu yote inapoangukia. Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Uganda alichapisha *Song of Lawino*, shairi ambalo mke anamlalamikia mume wake msomi. Watu hukumbuka sana sehemu inayohusu nyumba iliyojaa vitabu. Wanasahau kwamba mapema zaidi mke huyo huyo analalamikia saa ya ukutani. Mume anamkaripia kwamba anapoteza wakati. Yeye anajibu kwamba mtoto hanyonyi kwa saa, hunyonya akisikia njaa. Nilisoma shairi hilo nikiwa chuo, na kama wenzangu nikaliona kama ugomvi wa mila na usasa. Sasa naona kitu rahisi zaidi. Ocol ana vitabu na saa. Lawino ana mtoto, jiko na shamba. Vitabu vya Ocol vinasomeka kwa sababu Lawino hana nafasi ya kuvigusa.

Si shairi tu. Shirika la Kitaifa la Takwimu lilifanya utafiti wa matumizi ya muda nchini mwaka 2021. Likakuta kwamba wanawake hutumia muda wa karibu mara tano kuliko wanaume kwenye kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Mara tano. Mtu akiniambia tena kwamba watu wetu hawapendi kusoma, nitamwomba kwanza anionyeshe mikono yake.

*

Nilianza kuandika makala hii nikitafuta wa kumlaumu, na wako wengi: mkoloni, kodi, jua la Ikweta, bei ya stima, simu. Lakini katikati ya kuandika nilifanya hesabu ya nyumbani kwetu. Zile saa ninazotumia kuandika habari za kukosa saa, nani ananipikia? Vile vitabu tisa nilivyomaliza kati ya 43, nani aliosha vyombo nikivisoma? Ni yeye yule. Mimi, kijana wa miaka ishirini na kitu niliyerudi nyumbani bila cheti, ndiye mwungwana wa Pate katika nyumba hii. Na nilimnunulia kitabu mtu ambaye saa zake nazila mimi, kisha nikawa napita kibandani kukagua risiti ya unga imesonga kiasi gani.

Sina suluhisho la nchi. Ningeweza kukupa orodha ya mbinu, amka mapema, soma kurasa kumi kwa siku, zima simu. Unazijua. Zinamfaa mtu ambaye tayari kuna aliyempikia.

Nilichofanya ni kidogo. Jumanne iliyopita nilikwenda kibandani saa kumi na moja jioni, ule wakati trela za miwa zinapita na vumbi linatua kwenye nyanya. Mama alikuwa anakatakata sukuma wiki za wateja wa jioni. Nikavuta kile kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, nikashusha *Siku Njema* kwenye rafu, nikatoa risiti, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nakusomea."

"Watu watadhani umechanganyikiwa."

"Wacha wadhani. Wewe kata mboga."

Mwanzoni nilisoma kama mtu anayesoma tangazo la kifo, haraka na bila pumzi. Kisha sauti ikazoea. Mteja alikuja, akataka vitunguu vya shilingi ishirini, akapewa, hakuondoka. Kijana wa boda aliyekuwa akingoja abiria ng'ambo ya barabara akasogeza pikipiki yake. Mama hakuniangalia hata mara moja, macho yako kwenye kisu, lakini nilipokosea jina la mtu alinirekebisha. Kurasa sita. Giza likaingia kama kawaida yake, bila kubisha hodi, nikawasha tochi ya simu mpaka chaji ikafika asilimia nne.

Siku iliyofuata sikwenda. Nilikuwa na kazi ya mteja ya maneno elfu mbili, ya kulipwa Ijumaa. Alhamisi nikapita mbio, nikamkuta mama anapima unga wa mtu. Hakunisalimia.

"Jana ulikuwa wapi?" akasema. "Na yule wa boda amekuja kuuliza mtoto alifanywa nini."

Nikaweka mkoba chini. Risiti ilikuwa pale nilipoiacha.

"Anza na vyombo," mama akasema. "Ukimaliza, usome."